Nusu Inchi Nje ya Chaki

Meza ya kukatia ina urefu wa hatua kumi na mbili, na kutoka mwisho wake mpaka chooni ni hatua arobaini na moja. Kwa miaka kumi na tisa sikuwa na habari na hesabu hiyo. Niliijua ndani ya wiki moja, kwa kuihesabu mara kumi na nne kwa siku, nyingine kwa mbio. Na mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye nyonga kama zangu akikimbia kati ya cherehani kumi na nane, hakuna fundi anayeendelea kushona.

Mimi ni mkataji katika karakana ya sare. Wenzangu wanashona, mimi nawakatia cha kushona. Wananiita Mkasi, ingawa mkasi niliuacha zamani. Nakata kwa mashine yenye kisu kilichosimama wima, kinachopanda na kushuka kama kimetukanwa. Kitambaa hutandazwa tabaka sitini, moja juu ya nyingine, kikabanwa pembeni kwa vibanio. Nachora juu yake kwa chaki, kisha naingiza kisu. Mkono wa kulia unaendesha, wa kushoto unashika rundo.

Mzee mwenye karakana, kabla hajafa akamwachia mwanawe kazi, alinifundisha mambo mawili. La kwanza ni sheria ambayo kila mtu pale anaijua: kisu kikishaingia, mkono wa kushoto hautoki juu ya rundo mpaka kipande kikatike chote, kwa sababu vibanio vinashika kingo tu, na katikati kitambaa kinateleza. La pili hakulitangaza wala hakuliandika. Chaki ni kipimo cha mwili. Kisu kipite nusu inchi nje ya chaki, na hiyo nusu inchi ndiyo inayoliwa na mshono. Ukikata juu ya chaki yenyewe, nguo inaingia kwenye cherehani ikiwa sawa inatoka ikiwa ya mtoto. Kwa hiyo mkono wangu umezoea. Ukinionyesha mstari, naupita.

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina hisia tangu kisu kilipokipitia mwaka wangu wa sita pale. Mafundi wanasema ndiyo maana nakata vizuri, sina cha kuogopa.

Sasa tuje huku chini.

Hedhi yangu ilikoma kama mpangaji anayehama bila kuaga. Nilikuta chumba kitupu, nikafagia, nikaendelea na maisha. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu nikaanza kuugua njia ya mkojo. Nameza dawa, napona, miezi miwili haipiti, nimerudi pale pale. Katikati ya hapo kulikuwa na ukavu wa kunifanya nikae kwenye kigoda upande upande kama kuku anayetaga. Kliniki nikakutana na muuguzi mmoja mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya. Akanieleza kwamba homoni ya estrojeni ikipungua, ngozi ya uke na ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu, ndiyo maana maradhi yanapata mlango. Akanipa krimu yenye homoni hiyo, na kibomba kidogo cha plastiki cha kuiingiza.

"Kila jioni kwa wiki mbili," alisema, "baada ya hapo mara mbili kwa wiki. Unajaza mpaka kwenye mstari. Maelezo yote yamo kwenye karatasi hii, usiitupe."

Sikuitupa. Niliikunja nikaitia kwenye mkoba na sikuikunjua. Mtu aliyeishi na vipimo miaka kumi na tisa ataelezwa nini na karatasi? Jioni ile nikajaza kibomba mpaka kwenye mstari, nikaongeza kidogo, nikaendelea na mambo yangu.

Aliyeigundua krimu alikuwa wifi yangu. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu, na ndiye anayeendesha mashine ya matundu ya vifungo, meza ya pili kutoka kwangu. Mikono yake ni mepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Siku hiyo alikuwa anatafuta kibiriti kwenye mkoba wangu, kwa sababu kwake mkoba wangu na wake ni kitu kimoja, ila wake ndio wenye zipu.

Akalisoma boksi, akalisoma tena.

"Wifi," akasema taratibu, "kaka yangu ana miaka mitatu kaburini. Haya mafuta tunampakia nani?"

"Kibofu."

"Huyo Kibofu ni mtu wa wapi?"

"Ni wa humu humu tumboni. Rudisha."

"Mimi sina neno. Nilitaka tu kujua kama nianze kushona gauni la harusi."

Mafundi wa karibu wakacheka, na mimi nikacheka kwa kuwa ilikuwa zamu yangu ya kucheka. Sijui niseme vipi. Tangu kaka yake afariki, mambo yananifikia kama redio ya jirani: nasikia maneno yote, lakini haikuwashwa kwa ajili yangu. Silii. Nakula, nalala, nakata. Nikitaniwa narudisha utani, na watu wanasema Mkasi ni mchangamfu.

Siku ya tano mkojo ulianza kunichoma. Siku ya sita ukaacha kunipigia hodi. Kwa kawaida mtu anakuwa na nafasi, anasikia dalili, anamaliza alichoshika, anakwenda. Mimi nilikuwa nikisikia, nina muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kumi ikifika kabla ya mlango, basi. Nikaacha kunywa maji, nikifikiri kisima kikikauka ndoo itapumzika, na mkojo ukazidi kuchoma. Nikajikatia vitambaa kutoka kwenye mabaki ya pamba, nikavishona kwa tabaka nane, vizuri kabisa, na pindo juu. Jioni nikaendelea kujaza kibomba, kwa sababu dawa ni dawa.

Jumanne tulikuwa na mashati ya shule. Kisu kilikuwa katikati ya mkono wa kushoto wa shati, rundo la sitini, ndipo ikanijia. Nikahesabu. Nilipofika mbili nilizima mashine nikaondoka. Niliporudi rundo lilikuwa limelala upande kama mlevi, na mimi, badala ya kulinyoosha upya, nikalisukuma kwa kiganja nikamalizia. Mikono sitini ya kushoto ikatoka mifupi begani.

Bosi alikuja nayo mkononi. Ni mwanamume wa miaka thelathini na tano. Nilimjua akiwa anasinzia kwenye kapu la mabaki wakati baba yake anafunga hesabu za siku. Akiwa radhi ananiita shangazi. Akiudhika ananiita fundi.

"Fundi," akasema, "hii ni nini?"

"Mikono."

"Naona ni mikono. Ya nani?"

"Ya shule," akadakia wifi kutoka kwenye mashine yake. "Watakuwa wanapanga mstari kwa kushika bega la mwenzao, huo mmoja unatosha."

Bosi hakucheka. Alisema ameniona nikitoka mara sita asubuhi ile, na hakuuliza nakwenda wapi. Mwanamume wa umri wake hamuulizi hivyo mwanamke wa umri wangu. Alisema Ijumaa tunakata magauni ya wauguzi wa hospitali, marefu, ya vifungo mbele, na kipande cha mbele pekee kinachukua dakika kumi na moja bila kusimama. Wifi atakaa karibu na meza. Nikiiacha meza kisu kikiwa ndani, meza ni ya wifi kuanzia siku hiyo, na mimi nitahamia kwenye nyuzi.

Nyuzi ni benchi lililo karibu na mlango. Wanakaa wale ambao macho yamechoka au mikono inatetemeka, wanakata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo zilizokwisha. Wanapewa mikasi midogo ya kucha. Hakuna aliyewahi kutoka benchi lile akarudi ndani.

Nilisema sawa. Nilingoja moyo unidunde, haukudunda.

Wifi alinifuata wakati wa kuondoka. "Wifi, sikutakii mabaya. Meza naitaka, miaka minne sasa naitaka, na wewe unajua, sijawahi kukuficha. Lakini siitaki kwa njia hii."

"Njia ipi nyingine ipo?"

Akafikiri. "Ustaafu."

"Nitakuletea taarifa."

"Unaumwa nini, kwani? Ni ile krimu?"

"Krimu ni ya kunitibu."

"Basi imekosea anwani. Kesho kutwa nenda kliniki, mimi nitasema umekwenda msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa yule Kibofu," akasema.

Alhamisi asubuhi nilikwenda. Muuguzi akanipa kikopo, nikakijaza bila shida, hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naiweza kuliko zote. Akachovya kijiti, akakiangalia, akasema hakuna maradhi mapya ndani ya mkojo. Kisha akaniuliza krimu naiweka vipi.

"Kama ulivyosema."

"Nionyeshe." Akanipa kibomba kisafi, nikatoa tyubu yangu kwenye mkoba, nikajaza.

Akasogeza kichwa. "Mama, simama hapo hapo. Mstari uko wapi?"

"Huu."

"Na krimu iko wapi?"

"Nusu inchi mbele."

"Kwa nini iko mbele?"

Nilimwangalia kama anayeniuliza kwa nini navaa viatu. "Ya mshono."

Akavua miwani, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, mabega yakitikisika kwa kicheko, na alipoweza kusema alisema, "Mama yangu, huko hakuna mshono."

Nikaangalia kibomba. Ilikuwa kweli, hapakuwa na mshono. Siku nane nilikuwa naupita mstari kwa nusu inchi ile ile, na mkono wangu haukuwa umeniuliza hata mara moja.

Alipomaliza kucheka alinieleza kwa upole. Hata kwa kipimo sawa, alisema, wapo wanawake ambao krimu inawachoma mwanzoni, mkojo ukauma au ukawabana ghafla, na kwa wengi inatulia. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimejimwagia ya watu wawili. Nipumzike siku nne, ninywe maji kama binadamu, halafu nianze tena juu ya mstari, si nje yake. Nikiona damu au homa nirudi siku hiyo hiyo.

"Nikiiacha kabisa?"

"Unaweza, hakuna atakayekufunga. Lakini yale maradhi ya kila miezi miwili yatakuwa yanakusubiri mlangoni."

"Kufikia kesho itakuwa imetulia?"

"Kesho? Labda wiki. Labda mbili."

"Kesho nina kazi ambayo siwezi kuondoka."

"Basi waambie unahitaji kuondoka."

"Bosi wangu ni mwanamume."

"Ana mama?"

"Anaye."

"Basi atakuwa anajua wanawake wana vibofu. Mwambie."

Ijumaa kitambaa kilikuwa tayari mezani, cheupe, tabaka sitini, kimetandazwa tangu jana yake. Nikachora magauni kwa chaki ya bluu. Bosi alisimama upande wa pili amefumbata mikono, wifi kwenye kona ya meza, amevaa aproni yangu ya akiba bila kuniomba. Nilikuwa nimetoka chooni dakika tano nyuma. Nikaweka mashine chini.

"Bosi, nina neno."

"Sema, fundi."

"Kibofu changu kimeharibika kwa muda. Natumia krimu ya homoni kwa sababu ya kukoma hedhi, nikakosea kipimo, nikazidisha, sasa mkojo unanibana ghafla na nikihesabu kumi sifiki. Kipande cha mbele ni dakika kumi na moja. Siwezi kukuahidi dakika kumi na moja."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, kama mvua inayokatika. Bosi akaangalia chaki, akaangalia dari, akaangalia vifungo vya shati lake mwenyewe.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "sikuuliza."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Nilingoja aibu. Nilikuwa nimeiwekea nafasi, tangu jana nilijua itakuja wakati huu, mbele ya watu wote hawa. Haikuja. Nilisimama pale kama niliyekuwa nasoma namba za jora la kitambaa.

"Tupunguze tabaka?" akauliza. "Thelathini thelathini?"

"Kimeshatandazwa. Tukianza kukigawa, gari la hospitali linakuja jioni linatukuta tunakunja."

"Sasa?"

"Mzee alisema mkono wa kushoto usitoke. Hakusema uwe wa nani." Nikamwangalia wifi. "Yeye ashike, mimi niendeshe. Nikibanwa, nazima kisu kikiwa ndani, yeye hatikisiki mpaka nirudi."

Bosi akamtazama wifi. Wifi akaiangalia mikono yake, akaipangusa kwenye aproni yangu. Yeye na mimi tulijua nilichokuwa natoa. Watu kumi wanaweza kusukuma ile mashine. Meza ilikuwa yangu kwa sababu ya ule mkono, na hakuna niliyewahi kumwonyesha.

"Anajua kushika?" akauliza bosi.

"Atajua sasa hivi."

Nikamweka. Nilimwambia asibonyeze, kwa sababu rundo likibonyezwa linavimba pembeni. Aliegemeze tu, kama unavyomwekea mgonjwa mkono kwenye paji la uso. Vidole vifunguke. Kidole gumba kitangulie kisu kwa upana wa mikono miwili, si chini ya hapo, kama anavipenda. Nikamwambia asikilize: kisu kikikohoa, tabaka za chini zinajikunja. Vyote hivyo nilimwambia, na alivishika haraka kuliko nilivyotaka.

Kitu kimoja sikumwambia. Sikumwambia kuhusu nusu inchi. Hakuwa wa kuendesha, kwa hiyo hakikuwa cha kumwambia, ndivyo nilivyojieleza.

Tukaanza. Kipande cha kwanza nilibanwa dakika ya nane. Nikazima, nikaenda hatua zangu arobaini na moja, nikarudi, wifi yuko vile vile kama amemwagiwa gundi.

"Umepumua?" nikamuuliza.

"Hukusema nipumue."

Kipande cha pili nikatoka tena, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Jambo likishasemwa kwa sauti, inaonekana, halina sinema. Watu wa benchi la nyuzi wakaniondolea ndoo iliyokuwa njiani. Cha tatu kilikuwa mgongo. Nikahesabu mpaka tisa, nikafika, nikafunga mlango.

Nilikuwa nimekaa pale ndipo nikasikia mashine inawaka.

Ni sauti ninayoijua kuliko ya mwanangu yeyote. Kisu kilikuwa kinatembea. Wifi alikuwa amechoka kungoja, au bosi alimwambia aendelee. Kwa vyovyote, alikuwa anakata. Na mbele yake kulikuwa na mstari wa bluu juu ya kitambaa cheupe, umechorwa na mkono wangu, na mtu yeyote mwenye akili angeufuata.

Dakika mbili. Nikikaa pale dakika mbili tu, migongo sitini itakatwa juu ya chaki, itatoka midogo, gari la hospitali litarudi tupu, na hakuna atakayenigusa mezani mpaka nife. Sikuwa nimemwambia aendeshe. Hakuna ambaye angenilaumu. Mgonjwa alikuwa chooni.

Nilijitafuta ndani nione nataka nini. Nilitafuta kwa makini, kama mtu anayepapasa sindano sakafuni. Sikukuta furaha wala huruma. Wifi ndiye aliyenishika mkono siku ya maziko, hilo nilikumbuka, lakini nililikumbuka kama anwani. Mkojo ulikuwa umekwisha na nilikuwa nimekaa tu. Nikainuka, nikajifuta, nikanawa, nikaufungua mlango. Sikukimbia. Lakini sikukaa.

"Wifi," nikaita nikiwa hatua ya ishirini, "toka nje ya chaki. Nusu inchi nje."

Hakunisikia, au mashine ilimeza sauti. Nikafika mezani. Kisu kilikuwa kinashuka kando ya bega la gauni, na mstari wa bluu ulikuwa umebaki mzima upande wake wa ndani, haujaguswa, nusu inchi, tangu mwanzo wa kipande mpaka alipofikia. Nikapima kwa jicho, kisha nikapima kwa futi. Nusu inchi.

"Nani alikwambia?"

"Aniambie nani?" Hakuinua macho. "Wifi, miaka minne natoboa matundu kwenye nguo ulizokata wewe. Kila mshono nimeushika. Unafikiri sijui unapita wapi?"

Bosi alikuwa amesimama pale pale. Alisema kuanzia Jumatatu meza itakuwa na watu wawili, na itafutwe mtu wa matundu. Hakusema nani ataendesha na nani atashika. Kisha akaondoka kwenda kulipigia simu gari, akinipita kwa heshima na kwa mbali kidogo, kama mtu anayepita karibu na chungu cha moto.

Meza haikuwa yangu tena, wala haikuwa ya wifi. Sikuhisi uzito wala wepesi. Rundo tu ndilo nililoliona limeanza kuinama upande mmoja, kwa kuwa wifi hakuwa na uzoefu wa kuendesha na kushika kwa pamoja. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikaliegemeza. Kitambaa kilikuwa na joto la kisu. Nilijua kwa vidole vinne.

"Shika vizuri," akasema wifi. "Na usinikimbie."

"Nina dakika nane."

"Zinatosha," akasema, akasukuma kisu.